Nchi ya Pupa na Mkeka wa Pumzi

Mchana ule nililala nimeuma meno. Nilikuwa nimezimia kwa fundi cherehani, nikijaribu gauni la harusi ya mdogo wangu, kwa sababu siku kadhaa sikutia kitu tumboni ila chai ya kukondesha aliyoniletea wifi yangu Mwanahawa. Nilipozinduka nilimsikia akicheka: "Gauni limemkataa, sasa anajifanya mgonjwa!" Nikarudi nyumbani, nikajitupa kitandani, nikaubana mkunjo wa tumbo langu kwa kucha mpaka ukavilia damu, na usingizi ukanichukua hivyo hivyo.

Nikajiona katika nchi yenye ardhi nyeupe kama unga, isiyo na kivuli. Nyuma yangu alinifuata mwanamke mwenye makaa ya moto viganjani. Nikajua bila kuambiwa kwamba ni Hasira. Langoni aliketi Kejeli, akimzungushia kila apitaye futi ya kupimia kiunoni na kumtangaza. "Pipa!" akaniita, na umati ukaangua kicheko. Ndani, Pupa alisimama juu ya meza akigawa vikombe: "Kunyweni! Kesho mtapita kwenye upenyo wa mlango uliofungwa!" Waliokunywa walisinyaa papo hapo kama majani juani, wakashangilia, kisha kabla ya kufika langoni wakavimba kuliko mwanzo, wakarudi kwenye foleni wakilia, na Pupa akawakaripia kuwa ni wavivu. Hapo damu ikanichemka. "Mwongo!" nikapiga kelele, nikaipindua meza. "Unawadhuru, kisha unawatukana kwa kuumia!"

Wakanikimbiza, nami nikakimbia mpaka kifua kikawaka, nikaanguka penye majani mabichi, mbele ya mama mnene aliyeketi mkekani, mgongo umenyooka, miguu ameikunja.

"Keti, mwanangu. Mimi ni Pumzi."

"Na wewe unauza nini?" nikamfokea.

"Siuzi kitu. Niko nawe tangu ulipozaliwa, ila hujawahi kunisikiliza."

Akaniinua mikono juu, akaniinamisha taratibu kuelekea vidole vya miguu, na nilipojilazimisha, alinizuia. "Yoga si kuuadhibu mwili. Fika unapofika leo, vuta pumzi, kesho urudi." Dada yake, Kiasi, akaleta sahani ya mchicha, maharage na muhogo wa kuchemsha. Nikasita. "Kula," akasema Kiasi, "mwenye njaa hachagui, hunyakua. Ukitosheka, nawa mikono."

Hasira akasogea na makaa yake. "Mfukuzeni huyu!" nikasema.

"Usimfukuze," akajibu Pumzi. "Alikuja kukutetea, wewe ukamtuma akakuchome mwenyewe."

Nikaamka jasho likinitoka, kucha zangu zingali tumboni. Ndipo maana ikaanza kunipambazukia: mwili ule niliokuwa nikiubana haukuwahi kunitukana hata siku moja. Ulibeba watoto wangu, ukawalea, ukanipeleka kazini na kunirudisha. Walionitukana walikuwa na majina, nami nilikuwa nikiwachekea.

Nikamkuta wifi sebuleni. "Umeamka? Kunywa kikombe kingine, harusi imekaribia."

"Nilizimia ukacheka, wifi. Sinywi tena. Na ukiutaja mwili wangu mbele za watu, nitakujibu mbele ya hao hao."

"Makubwa!" akaguna, akaondoka bila kuaga.

Harusini nilivaa gauni lililoongezwa kitambaa ubavuni, nikacheza mpaka viatu vikanishinda. Siku hizi naamka mapema, nanyoosha viungo mkekani, nala nikashiba, natembea jioni, nalala kwa wakati. Uzito umeshuka polepole sana, miezi kwa miezi, na magoti hayaniumi nikipanda ngazi. Wifi hajaniomba radhi mpaka leo. Juzi aliniuliza nimetumia dawa gani. Nikamwambia aje alfajiri na mkeka wake, na aje amefunga mdomo.