Kitenge Kiunoni mwa Dany

"Bana Dany, ule kijana mwenye kucheza pale juu ya lori, haiko mutoto wako?"

Ndivyo Felistus, Bana Chisenga, yaani mama yake Chisenga, alivyomuuliza Pierrette, Jumamosi moja mchana kwenye soko la Kashikishi. Mkono mmoja ulishika beseni la chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, na wa pili ulinyooka kuelekea lori la matangazo. Hakuuliza kwa ubaya. Felistus alikuwa mtu wa kuongea tu, na Kiswahili chake cha biashara hakikumpa nafasi ya kuzungusha maneno.

Pierrette alitazama. Vijana watano wa Boyd, mwenye kundi la wacheza ngoma, walikuwa wanacheza mbele ya spika kubwa, na wa katikati alikuwa Dany wake, mwenye miaka kumi na sita, kifua wazi, kiuno kinazunguka kama hakina mfupa. Hilo pekee lingetosha kumwinamisha kichwa, maana asubuhi ile Dany aliaga kwamba anakwenda kushona nyavu na Evariste, mdogo wa marehemu baba yake, ambaye alikuwa amemwekea nafasi katika mtumbwi wake. Lakini palikuwa na kubwa kuliko hilo. Kiunoni Dany alikuwa amejifunga kitenge cha bluu cha bamama ba kanisa, kile chenye picha ya Bikira Maria. Kila alipotikisika, uso wa Mama Mtakatifu ulipanda na kushuka juu ya matako ya kijana, na watu walipiga miluzi.

Vitenge vile haviuzwi sokoni. Mwanamke anapewa baada ya mwaka mzima wa kuangaliwa mwenendo wake, padri anakinyunyizia maji ya baraka, na siku akifa anazikwa nacho. Pierrette alipewa chake Pasaka iliyopita, yeye mjane aliyevuka kutoka Kongo akiwa amemshika mtoto mkono, akalala miezi chini ya turubai kule Kenani, kambi ya wakimbizi. Siku alipokivaa alijiona amekuwa mtu tena kati ya watu.

"Awe," alikataa, kwa Kibemba, kana kwamba uongo ungekuwa mwepesi katika lugha ya wengine. "Haiko wangu. Wangu iko na baba yake mudogo ku mitumbwi."

Felistus akamtazama kidogo, akalitazama lori. "Basi banafanana sana," akasema, akacheka. Pierrette akainama kugeuza chisense ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

Jioni alikikuta kitenge ndani ya sanduku, kimekunjwa vizuri, kinanuka jasho. Alikifua mara tatu, akakianika ndani ya nyumba ili jirani asione. Alingoja Dany aseme. Labda Dany naye alingoja aulizwe. Wakala ugali, wakamshukuru Mungu, wakalala.

Jumatano adhuhuri Dany aliingia na macho mekundu.

"Mama, Boyd ananifukuza."

Ikatoka yote, vipande vipande. Kundi la Boyd lilikuwa limeitwa kwenda Mwansabombwe, kucheza katika sherehe kubwa ya mwaka, mbele ya maelfu ya watu. Kila kijana ambaye hajafika miaka kumi na minane alitakiwa awe na mzazi wa kusema kwa mdomo wake: huyu ni wangu, nimekubali. Boyd mwenyewe alikuja sokoni, kwenye meza ya Pierrette, kumtafuta mama wa mchezaji wake wa katikati. Pierrette alikuwa kwenye sala, Boyd akamkuta Felistus. Felistus akamwambia kwamba mwenye meza ile si mama wa kijana huyo, na maneno hayo aliyasikia kutoka kwa mwenyewe. Basi Boyd akamwita Dany mwongo mbele ya wenzake. Kijana anayejitungia mama, alisema, atamletea mambo ya polisi huko njiani. Nafasi akapewa mwingine.

"Ule Bana Chisenga anatia bongo, uongo mutupu! Mama, juu ya nini ananichukia? Mi nilimufanyia nini?"

Hapo ndipo Pierrette angesema. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Unaona? Mambo ya kucheza njo inaleta hii. Evariste anakungojea ku mutumbwi."

Na ndani yake, Mungu amrehemu, kulikuwa na furaha ndogo. Alichokitaka kilikuwa kimefanyika, tena bila yeye kukaripia mtu. Jioni kwenye sala, alipofika kwenye 'utusamehe makosa yetu', ulimi ukamwia mzito. Akaruka maneno yale, akaendelea na rozari kama mtu anayeruka dimbwi.

Ijumaa alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo, aliposikia sauti ya Felistus kabla hajamwona. Alikuwa amemshika Dany kwenye kiwiko.

"Bana Dany! Mutoto huyu ananitukana mbele ya bateja bangu. Eti mi njo mwongo wa Kashikishi. Mi niko mutu wa maneno mingi, najua, hata bwana yangu anasema siku nikinyamaza ataita dokta. Lakini bongo, awe! Sema wewe. Siku ile ya lori ulinijibu nini?"

"Sema, Mama," alisema Dany. "Sema, asikie haya."

Alisimama wima, kidevu juu, akimtazama mama yake bila wasiwasi wowote. Mchi ulikuwa bado mkononi mwa Pierrette. Felistus alimwangalia usoni, na taratibu akakiachia kiwiko cha Dany. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Ao labda sikusikia muzuri. Ile spika ilikuwa na kelele."

Alikuwa anampa njia. Jirani aliyetukanwa sokoni kwa ajili ya uongo wa mwingine, alikuwa tayari kuubeba mpaka nyumbani kwake. Pierrette aliona aibu kuliko siku ya lori.

"Ulisikia muzuri," alisema. "Nilisema haiko wangu."

Kuku alipita katikati yao. Hakuna aliyemfukuza.

"Juu ya kitenge?" Dany aliuliza.

"Juu ya kitenge. Juu ya bamama ba kanisa. Niliona wataninyanganya."

"Boyd alisema kila mutu alete kitenge ya mama yake. Ile mama anapenda kupita zote." Dany alizungumza polepole. "Bale bengine balileta za kawaida tu."

Pierrette aliegemeza mchi ukutani, akajifuta mikono kwenye sketi. "Twende kwa Boyd. Sasa hivi. Nitasema mbele ya batu bote, hata ku kanisa nitasema. Mutoto ni wangu."

"Lori yao imeondoka asubuhi ku Mwansabombwe, mayo, mama yangu," Felistus alisema.

"Dany. Mutoto wangu. Nisamehe."

Dany aliinama. Jani la sombe lilikuwa limedondoka chini. Akaliokota, akalipuliza vumbi, akalirudisha kwenye kinu kwa uangalifu, kama mgeni anayeheshimu vyombo vya watu. Kisha akampita mama yake, akampita Felistus, akatoka uani.