Kwa Kaputula

Jina langu ni Pétronille Kaputula. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Kule Lubumbashi watoto wa shule walinicheka mpaka wakachoka wenyewe, maana hakuna asiyejua kaputula ni nini. Ni suruali fupi, inayoishia magotini. Siku niliporudi nyumbani nikilia, baba yangu alinikalisha na kunieleza kwamba babu yake, Kaputula wa kwanza, ndiye aliyefyeka msitu katika bonde letu kabla ya mtu mwingine yeyote kutia jembe pale. Tena alivaa suruali wakati wenzake walikuwa bado wanajifunga magome ya miti, ndiyo maana akaitwa hivyo. Na ndiyo maana bonde lile linaitwa Kwa Kaputula mpaka leo. Nilikubali. Mtoto atafanya nini?

Baba alikuwa mwalimu. Mwaka wa sabini na mbili, serikali ilipotuamuru tuache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu, wenzake walihangaika huku na huku kutafuta jina la maana, lakini yeye alikuwa nalo tayari. Alifuta Désiré kwenye makaratasi, akawa Kaputula. Nyumbani na kanisani tuliendelea kumwita Papa Désiré, lakini jina lililomjaza kifua ni hilo la pili. Alipohamia Brussels alihama nalo. Aliishi juu ya duka la vitenge, Chaussée de Wavre, na hakuna matanga wala ubatizo wa Wakatanga katika mji huu ambao hakusimama na kusema kwamba sisi si watu wa kuja, sisi tuna ardhi yenye jina letu. Watu walimpigia makofi. Kilemba cha ukoka ni kizuri kukivaa, hasa ukiwa mgeni mahali.

Mimi naishi Forest, upande mwingine wa mji, na kazi yangu ni kupima damu katika maabara ya hospitali. Kazi hiyo imenifundisha kutoamini kipimo cha kwanza. Baba alisema imenifundisha ubishi.

Mwaka 2007 bei ya shaba ilikuwa juu, na makampuni yalirudi Katanga kama nzi kwenye kidonda. Moja likapata leseni ya kuchimba katika bonde letu. Kule alikuwa akiishi shangazi yangu Mwadi, dada mkubwa wa baba, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, pamoja na wajukuu zake. Hakuwahi kuhama maisha yake yote. Wakili wetu wa Lubumbashi, Maître Tshibangu, alitueleza mambo yalivyo. Kama ardhi ni ya ukoo wenu tangu mababu, alisema, kampuni haiwezi kuwagusa bila kukaa chini na nyinyi na kuwapa mahali pengine mtakapokubali. Kama sivyo, mtapewa notisi na kufukuzwa. Mahakama ilitaka ushahidi, na ushahidi wa enzi zile Wabelgiji walikuwa wameubeba hadi Brussels.

Shangazi alimpigia baba simu.

"Désiré, miye siwezi kuhama," alimwambia. "Papa iko hapa chini, mama iko hapa chini. Nitawaachia nani? Tafuta ile karatasi."

Basi tukaanza kwenda kwenye jumba la nyaraka, mimi na baba, siku nilizokuwa na mapumziko. Baba alivaa suti na tai kama anayekwenda kumposea mtu mke. Dada aliyetuhudumia alikuwa mpole. Alitafuta Kaputula katika orodha ya wenye hati za ardhi, hakumwona. Baba akamwambia Wazungu hawakujua kuandika majina yetu, ajaribu kwa C. Akajaribu kwa C. Akajaribu kwa T mbili, akajaribu bila ya herufi ya mwisho. Hakuna. Tulirudi tena na tena, na kila mara baba alipanda tramu akiwa mfupi kidogo kuliko alivyoshuka.

Ndipo yule dada alipotushauri tuache majina, tuangalie ramani. Akatuletea ramani ya mwaka 1925, kubwa hata ikajaza meza. Tuliona reli, tukafuata kijito tunachokijua kwa jina, tukafika bondeni. Na pale, kwa wino, kwa mkono wa mtu, palikuwa pameandikwa Kaputula.

Baba alivua miwani. Machozi yalimtoka, na hakujificha.

"Angalia, Pétro," alisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho "ndiyo" ni "njo". "Njo jina yetu. Njo hiyi."

Na mimi nililia, sitasema uongo. Lakini kwenye pembe ya ramani palikuwa na namba, na yule dada akatueleza kwamba ni namba ya faili la ardhi hiyo, lenye hati zote, ila limehifadhiwa katika jengo lingine na litachukua majuma kadhaa kufika. Nikamwambia baba tungoje lifike. Ramani imetaja jina tu, haijasema ni la nani.

"Tungojee nini?" aliniuliza. "Carte imesema. Wewe unataka Mungu ashuke aweke cachet?"

Tukabishana pale pale kwa sauti za chini, kwa sababu watu walikuwa wanasoma. Nilimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba kesi haisubiri methali. Wiki hiyo hiyo akaomba nakala yenye muhuri, akamtumia Maître Tshibangu, na Maître akaipeleka mahakamani.

Jumamosi baba alifanya karamu. Tulipika bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki, tukawaita Wakatanga wote tunaowafahamu, na padre akaombea ardhi ambayo hajawahi kuiona. Nakala ya ramani ilitiwa kwenye fremu na kuning'inizwa juu ya televisheni. Siku chache baadaye shangazi Mwadi alisimama mbele ya hakimu, akaapa kwamba Kaputula ni babu yake mzaa baba, na kwamba kaburi lake liko pale pale, karibu na kichuguu, na kwamba yeye mwenyewe analifagia kila mwaka siku ya Watakatifu Wote. Alitupigia simu akicheka. Alisema mwanasheria wa kampuni aliishia kunakili kitu kutoka kwenye ramani.

Faili lilipofika, tulikuwa peke yetu mezani, mimi na baba. Lilikuwa jembamba kuliko nilivyotazamia.

Karatasi ya juu ilikuwa ombi la ardhi la Mbelgiji mmoja, Armand Hanquinet, aliyekuja Katanga mwaka 1920 kutafuta maisha. Ya pili ilikuwa ripoti ya ofisa aliyetumwa kuhakikisha kwamba ardhi ni tupu. Hakuikuta tupu. Alikuta nyumba za watu wa mzee mmoja aitwaye Mulenga ukingoni mwa kijito. Aliwahamishia ng'ambo, akawapa chumvi na nguo, kisha akaandika kwamba sasa ni tupu. Ya tatu ilikuwa hati yenyewe, yenye mihuri, inayompa Hanquinet bonde lote. Na kwenye jalada, kwa kalamu ya buluu, karani fulani alikuwa ameandika kwa Kifaransa: wenyeji wanamwita Kaputula.

Niliisoma ile kalamu ya buluu mara nyingi. Mzungu mwenye miguu myembamba, katika suruali fupi. Bila shaka walimcheka na yeye.

Chini ya zote palikuwa na barua ya kueleza kwamba Hanquinet alikufa kwa homa mwaka 1932, akazikwa shambani mwake karibu na kichuguu, na kwamba mkewe amerudi Ubelgiji. Pamoja na barua ilikuwepo orodha ya wafanyakazi alioacha. Baba aliisoma kwa kidole, kama mwanafunzi wake mwenyewe, na kidole kikasimama. "Numbi. Mpishi. Asili: haijulikani."

Numbi ni baba yao, yeye na shangazi. Numbi alifariki wakati Papa Désiré akiwa mtoto mdogo sana. Baba alimkumbuka kwa kitu kimoja tu, mikono, kwamba ilinukia vitunguu.

Nilishikwa na hasira, na kwa muda sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia Numbi kwa kutosema. Halafu nikaona kwamba labda alisema kila siku. Mtu akirudi jioni na kusema ametoka kwa Kaputula, tunaishi kwa Kaputula, tunakula kwa Kaputula, mtoto wake atajuaje kama huyo ni babu au ni bwana? "Kwa" ni neno dogo, halina mlango. Sisi tuliingia tukakaa, tukafagia kaburi la mwajiri miaka yote hiyo, tukimwomba atuombee kwa Mungu.

"Rudisha," baba alisema. "Rudisha hii kitu. Nani atajua?"

Nilimwonyesha namba kwenye jalada. Ilikuwa ile ile ya kwenye pembe ya ramani. Tulipompigia Maître Tshibangu, alikuwa na habari tayari. Kampuni ilikwishaandika Brussels na kupata nakala yake. Bila ramani yetu wasingejua hata pa kugonga. Tulijipalia makaa wenyewe, tena kwa muhuri.

Mahakama haikuchelewa. Ilisema kwamba Mwadi binti Numbi ni mtoto wa kibarua, aliyebaki kwenye ardhi ya mwajiri, na kwamba ukoo wake hauna haki ya asili mahali pale. Wenye haki hiyo walikuwepo, na ripoti ya ofisa iliwataja kwa jina. Walikuwa watu wa Mulenga, na nawajua. Tukiwa watoto, likizoni kwa shangazi, tuliwaita watu wa ng'ambo. Mwaka wa ukame walipovuka kijito kuomba kulima upande wetu, shangazi aliwafukuza na mpini wa jembe, akawaambia wakalime kwa babu zao. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sasa kampuni ilikaa chini na wao, na wao wakapewa mahali walipokubali, na nyumba za matofali juu yake.

Nimejaribu kuona kosa katika hilo, silioni. Walinyang'anywa, wakarudishiwa. Haki ilitendeka, na shangazi yangu akatolewa nyumbani kwake na vyombo vyake kwenye lori. Yote mawili ni kweli, na sijapata mtu wa kunisaidia kuyaweka mahali pamoja.

Kaburi moja tu lilihamishwa, la Hanquinet, kwa kuwa yeye alikuwa na jina kwenye karatasi. Walileta jeneza jipya na padre. Makaburi ya Numbi na mkewe hayakuandikwa popote, kwa hiyo mashine ilipita.

Baba aliishusha ile fremu. Aliacha kwenda kwenye matanga. Kule Matonge, mtaani kwake, kulikuwa na mtu aliyeanza kumwita Papa Culotte, kaputula kwa Kifaransa, na wengine wakacheka, wale wale waliokula sombe yetu. Nilimwendea mmoja wao dukani na kumtukana mbele ya wateja, na sijutii. Lakini haikumrudishia baba kitu. Alikuwa akija kwangu Forest siku za Jumapili baada ya misa, anakaa mezani na nakala ya faili mbele yake, haisomi, ameiwekea mkono juu tu.

Jumapili moja shangazi alipiga simu. Alikuwa amepangishiwa chumba mjini, Katuba, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Niliweka simu katikati ya meza ili sote tusikie. Hakulalamika, wala hakuuliza habari za kesi.

"Désiré, wewe njo ulisoma," alisema. "Nauliza kitu moja tu. Sisi si watu wa kule, bon, nimekubali. Alors papa alitokea wapi? Karatasi inasema?"

Baba alinitazama. Mkono wake ulikuwa juu ya neno lenyewe, haijulikani.

"Inasema, yaya," alimjibu dada yake. "Iliandikwa. Alitokea Mukombwe."

"Mukombwe. Ni wapi?"

Akamwambia ni mbali kidogo, upande wa Lomami. Akamwambia ni kijiji kikubwa, kina mito miwili na michikichi mingi, na watu wake wanajulikana kwa kupika. Alieleza vizuri, kwa sauti ya darasani, na mimi nilikuwa nimelisoma faili lile neno kwa neno. Hakuna Mukombwe. Sidhani kama ipo popote. Shangazi aliuliza kama bado kuna ndugu, baba akasema hawakosi. Nilimsikia shangazi akivuta pumzi ndefu, kisha akiita wajukuu waje karibu na simu.

"Rudilia ile jina," alimwomba. "Polepole, watoto waishike. Siku yangu ikifika, waiandike ku musalaba."

Baba alifungua kinywa, nikaona kwamba jina limempotea. Alilitafuta usoni mwangu, na mimi nilikuwa nalo, lakini ulimi haukunyanyuka.

"Kisamba," baba alisema.

Nikamsikia shangazi akikohoa, na kumwambia mtoto fulani aliyeanza kusema "Muko…" kwamba anyamaze.

"Merci, mudogo yangu," alisema. "Kisamba. Njo kwetu."