Kasi Niliiongeza Mwenyewe

Najiat huhariri video za harusi nyumbani kwao Cheyo, mjini Tabora. Kompyuta yake mpya ilipokuwa ikimchelewesha, aliongeza kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kupita kiwango cha kiwandani. Ikaenda mbio wiki kadhaa, kisha prosesa ikaungua.

Akaipeleka dukani alikoinunua. Ngassa, fundi wa duka, aliikagua, akashusha sauti. "Dada Najiat, ukiongeza kasi, waranti inakufa. Lakini bosi hajui. Sema ilizimika yenyewe tu, upewe prosesa nyingine."

Najiat aliihitaji prosesa kweli. Bibi harusi mmoja wa mtaa wa Chemchem alikuwa akimpigia simu tangu asubuhi, akiidai video yake.

"Haikuzimika yenyewe," Najiat alisema kwa sauti, mpaka bosi aliyekuwa kaunta akageuka. "Kasi niliiongeza mimi, kwa makusudi."

"Basi waranti huna," bosi alisema. "Na mchezo huo usiurudie."

"Waranti ni yenu, kaeni nayo. Kompyuta ni yangu."

Alinunua prosesa ya mtumba kwa fundi mwingine, akafunga na feni kubwa zaidi ya kuipoza. Kabla hajagusa video ya harusi, akaongeza kasi tena.