Kitufe cha Dhoruba

Kaka yangu Brightson alitumia mwaka mzima kutengeneza mvua ya Ukonga ndani ya kompyuta. Nasema kwa heshima zote: ilikuwa bora kuliko ile ya Mungu, maana haikuingia jikoni. Ilianzia vilima vya Pugu, wingu jeusi tumboni na jeupe kichwani, ikameza Gongo la Mboto mtaa kwa mtaa, mpaka rubani haoni tena njia ya kutua. Rubani alikuwa yeye, juu ya kiti cha plastiki.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya hukumu. Chuo kimoja cha urubani kilitafuta mtu wa kutia hali ya hewa ya kwetu kwenye simuleta zake, mashine za kujifunzia kurusha ndege bila kuondoka chini, kwani zilikuja na mawingu ya Ulaya. Kapteni Mfaume alikuja kukagua, na wanafunzi wawili. Ba'mdogo Nikodemu, anayetulea, alishatoa tamko: Kapteni akikataa, kompyuta inahamia stesheneri yake kuchapa barua za watu.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Haya, tuonyeshe."

Brightson alisimama wima kama anayesoma somo la kwanza kanisani. Akaweka kidole kwenye kitufe chekundu.

"Kapteni, kwa ruhusa yako, sasa nachafua hali ya hewa."

Mwanafunzi mmoja, Nusaiba, akaziba pua.

Ndugu msomaji, mie nasoma bweni. Kwetu, baada ya maharage ya jioni, mtu akichafua hali ya hewa hufunguliwa madirisha yote. Brightson alisoma shule ya kutwa, akirudi nyumbani anasikiliza utabiri redioni. Kwake maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Mie niliyewahi kuivalisha kengele ya shule soksi isilie, nilitazama sakafu.

"Ngoja kwanza nisogee mlangoni!" Kapteni akasema.

Ba'mdogo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ni dhoruba," Brightson akasema. "Kapteni, tafadhali, tazama wingu linavyo..."

"Tushalisikia, braza!" Nusaiba akadakia, simu yake ikirekodi.

Kwenye skrini mvua ilishuka. Radi ikamulika uwanja wa ndege mzima, na mie nikajikuta nimeshika meza. Hakuna mwingine aliyegeuka. Kapteni alijifuta machozi.

"Kijana, umetuchangamsha. Nitakupigia."

Kweli alipiga, Jumatatu. Klipu imependwa mno chuoni. Je, Brightson angekuja kusherehesha mahafali?

"Na mawingu, Kapteni?"

"Mawingu gani?"

Jioni Ba'mdogo alikuja na bodaboda ya kubebea kompyuta. "Futa hayo madude kwanza, yasijaze nafasi."

Brightson alikaa, akayachagua mawingu yote. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Ilimuuliza kwa Kiingereza, kwa hiyo hakuna aliyecheka.