Kadi Yenye Picha ya Opal

Mimi ndiye niliyempa Brock yale maneno. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akadhani najikosha. Lakini nilimpa yakiwa mazima, yeye ndiye aliyeyapindua.

Wifi yangu Leona Befort, mjane wa kaka yangu, aligombea kiti cha bunge la jimbo mwaka ule kodi ya ardhi ilipopanda hadi majirani zetu wawili wakauza mashamba. Leona ni mhafidhina kwelikweli, si wa kuvaa fulana ya chama tu. Anafuga ng'ombe mia mbili hapa magharibi mwa Kansas, kanisani hakosi, bunduki yake hukaa nyuma ya kiti cha pikapu, na serikali anaitaka iwe ndogo na ikae mbali. Kiti kilikuwa cha Dwight Tessmer, wa chama chetu hichohicho, aliyekaa bungeni Topeka, makao makuu ya jimbo, miaka kumi na minane akipitisha kila kodi iliyoletwa mbele yake. Huku kwetu chama kile kingine hakisumbuki hata kusimamisha mtu. Kura ya mchujo ya Agosti, ya ndani ya chama, ndiyo uchaguzi wenyewe.

Wakubwa wa chama waliomchoka Tessmer wakamletea Leona mshauri wa kampeni, Brock Ansley, mtu wa mjini mwenye buti ambazo hazijawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. Siku moja mchana tulikuwa jikoni kwa Leona, nimeleta mikate yetu ya kujazwa nyama na kabichi, naye Brock akaniuliza, "Twila, si unafanya kazi kwenye nyumba ya wazee? Mke wa Tessmer yupo pale?"

"Yupo, maskini. Opal hamkumbuki mtu tena. Lakini kwa hilo simlaumu Dwight hata kidogo. Akiwa mjini, kila jioni yuko pale, anamlisha kwa mkono wake."

"Na akiwa Topeka?"

"Akiwa Topeka tunamlisha sisi."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua mkate mwingine.

Wiki mbili baadaye nikafungua sanduku langu la barua barabarani. Ilikuwemo kadi kubwa inayong'aa. Upande mmoja, Opal kwenye kiti cha magurudumu, amepigwa picha kupitia dirisha, kinywa wazi, na nywele hazijachanwa. Juu yake maandishi mekundu: DWIGHT TESSMER ALIMTUPA MKEWE. ATAKUTUPA NA WEWE. Upande wa pili, Leona anatabasamu na ndama.

Nilisimama pale juani, nikaisoma mara mbili. Nywele zile nazichana mimi! Mtu alijibanza na kamera kwenye maua ya nyumba ya wazee, akampiga asubuhi ile kabla sijamfikia Opal.

Nilipofika kwa Leona alikuwa ameshampigia Brock simu na kuiweka mezani, sauti juu.

"Bi Leona, sisi hatukutuma," Brock alikuwa akisema. "Ni kikundi huru, si cha kampeni yetu. Kisheria hatujui lolote."

"Kisheria hatujui. Na wewe Brock, wewe mwenyewe, unajua?"

"Nimesema ni kikundi huru."

"Nimekuuliza swali, bwana."

"Kura za maoni zimesogea kwako pointi sita," akasema. "Zimebaki siku tisa. Wewe nyamaza tu, utashinda."

Leona akakata simu. Nikamwambia, "Wifi, ni mimi niliyemwambia habari za Opal." Akachukua kofia yake msumarini. "Najua," akasema. "Nilikuwepo. Nilisikia ulivyosema, na sivyo walivyoandika. Twende."

Tulimkuta Tessmer kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba ya wazee, kijiko mkononi, anampa Opal viazi vilivyopondwa. Leona akavua kofia.

"Dwight, sikuituma mimi. Lakini uso wangu uko pale. Nimekuja kuomba radhi."

Hakuinua macho. "Binti zangu wameisoma. Mdogo kanipigia analia, ananiuliza kama ni kweli."

"Nitasema hadharani kwamba ni uongo."

"Sema usiseme, kila nyumba imeshaipata. Miaka yote hii mmenishambulia kwa kura ninazopiga bungeni, na ni haki yenu. Ila huyu hajawahi kupiga kura bungeni, Leona. Huyu amewakosea nini?" Akamfuta Opal kidevu. "Sasa tokeni. Anaogopa watu wakisimama."

Tukatoka. Sikudhani angetusamehe, wala sikuona kwa nini atusamehe.

Jumamosi wagombea walizungumza kwenye maonyesho ya kaunti, ndani ya banda la mnada wa ng'ombe, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Brock alikuwa mlangoni akitikisa kichwa kumkataza. Leona alipopewa kipaza sauti, akaiinua kadi.

"Huu ni uongo. Dwight Tessmer amepiga kura mbaya miaka kumi na minane, na nitawatajia moja baada ya nyingine. Lakini mkewe hajamtupa. Kama mtu atanipa kura kwa sababu ya kadi hii, aniache. Siitaki."

"Sasa unamfanyia kampeni nani?" mtu akapiga kelele. Wengine wakacheka. "Keti chini, mama!"

Nikasimama. "Mimi ndiye namhudumia Opal! Mnamjua Dwight, mnajua anakuja kila jioni, na mmekaa kimya kwa sababu kadi imewafurahisha! Hamna haya?"

Baadhi waliinamisha macho. Wengi waliendelea kula aiskrimu zao.

Siku ileile Brock akaondoka na orodha zote za wapigakura. Leona na mimi tulibisha hodi mlango kwa mlango siku zilizobaki, tukazungumzia kodi na kodi tu, hadi nyayo zikachubuka.

Alishindwa kwa kura sitini na tatu. Tessmer akarudi Topeka, na Januari akapitisha kodi nyingine. Brock akahamia kaunti ya jirani, akachapisha kadi kuhusu mtoto wa mpinzani, mtoto ambaye aliwahi kukamatwa, na mtu wake akashinda kwa kishindo. Kwenye mkutano wa chama walimpigia makofi, wamesimama wima. Nilibaki nimeketi, na hasira ile sijaimaliza hadi leo.

Wiki ile tuliposhindwa, tukiwa tunang'oa mabango ya Leona kando ya barabara, jirani mmoja akasimamisha trekta. "Leona, ungefunga mdomo siku tisa tu, sasa ungekuwa mbunge."

"Na ningefika kule nikiwa nani?" Leona akamuuliza, akitupa bango nyuma ya pikapu. "Baada ya miaka miwili nagombea tena. Nenda kawaambie."