Fahali Aliyepumua Sherikat

Majur akiwa macho alipumua kama wewe na mimi, akilala, alisahau. Kiharusi kilikuwa kimeligusa shina la ubongo, pale panapokikumbusha kifua kazi yake, na daktari alisema hapaponi. Kwa hiyo kila alipojinyoosha, hata kwa lepe la mchana, mkewe Akuac alimfunga barakoa ya mashine, akakagua betri ya sola, ndipo akamruhusu kufumba macho. Mwaka wa tatu huo, hapa mtaani kwao Sherikat.

Naye alilala kwa raha. Mvumo wa mashine ulimfuata ndotoni ukawa fahali mweupe, yule ambaye baba yake alimwahidi lakini hakumpa kamwe, maana walikuwa wakimbizi kambini Kakuma, na kambini fahali ni hadithi tu. Fahali alitangulia kwenye nyasi ndefu, akivuta pumzi, akitoa pumzi. Majur alimfuata.

Adhuhuri moja shangazi yake Ayak alikuja kutoka mtaa wa Lemon Gaba kumjulia hali. Akuac akatoka mara moja, gari la maji lilikuwa limefika. Shangazi akamtazama mtoto wa kaka yake na ule uso uliozibwa, moyo ukamuuma. Aliye hai hafunikwi uso! Akaifungua barakoa taratibu. Mashine ilipopiga kelele akaizima, mgonjwa asisumbuliwe. Nia njema ni tabibu, wanasema. Tabibu huyu nusura aue.

Ndotoni fahali alisimama. Kimya kikawa kitamu, kitamu mno. Majur akaketi nyasini, akasema moyoni, basi, nipumzike hapa.

"Majur! Vuta! Vuta pumzi!"

Akafumbua macho, mashavu yakiwaka kwa makofi ya Akuac. Ndoo ya maji ilikuwa imepinduka mlangoni, na shangazi yuko sakafuni analia.

"Malesh, mwanangu, nisamehe. Nilidhani nakupumzisha."

Siku mbili Majur alikataa kulala. Aliuogopa ule utamu kuliko kifo chenyewe. Siku ya tatu, macho ya Majur yakiwa mekundu kwa kukesha, shangazi alirudi, akamwomba Akuac amfundishe: mkanda, kitufe, betri. Kisha akaishika barakoa.

"Kwani huko unaona nini, mwanangu?"

"Fahali, shangazi. Mweupe. Akisimama, mimi nami nasimama."

Ayak akamfunga mkanda, akasikiliza mpaka mashine ikashika mwendo, akavuta kiti.

"Lala," akasema. "Leo namchunga mimi."