Maziwa ya Dote ya Claudette

Watu wanasemaka chunusi ni kitu ya watoto wa shule. Aka! Waje wanione miye. Niko na miaka makumi tatu na sita, niko na watoto watatu, na kidevu changu kilijaa chunusi nyekundu, zile za ndani zenye kuuma. Napeleka maziwa ku soko ya Muheto, na wateja wananiangalia kidevu mbele ya kuangalia maziwa.

Miye Mukagasana njo nilimukomalisha mudogo yangu Claudette. Mama yetu alikufa wakati Claudette alikuwa bado ananyonya. Nilimunywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, nilimubeba ku mugongo, niliacha masomo juu yake. Viazi nilikuwa natafuna kwanza miye mwenyewe, kisha namutia mu kinywa.

Kwetu, siku ya dote, wakati wakwe wanaleta mahari, mama wa binti njo anashika inkongoro, ile chombo ya muti ya maziwa. Anaonja wa kwanza, anapitisha kwa wakwe, na binti anakunywa wa mwisho. Kama mama hayuko, ni yule alimukomalisha binti. Basi Manzi alipomuchumbia Claudette, hakuna mutu alibishana. Ile fasi ilikuwa yangu, na miye niliingojea sana.

Sasa, na kidevu kile? Nilifanya kosa la watu wenye ng'ombe: nilijipaka siagi. Mama zetu walijipakaka, ngozi zao zilikuwa zinang'aa, basi niliona itaniponesha. Chunusi zikiongezeka, na miye naongeza siagi. Ujinga gani ule!

Claudette anauzishaka pomadi mu butiki moja kule Walikale. Alikuja na kikopo hakina hata jina, akaniambia miye dada yake mukubwa: "Yaya, acha siagi yako. Jipake hii, utaona."

Na kweli niliona. Mu siku kidogo tu, uso ulikuwa laini kama wa mutoto. Nililia kwa furaha, nikasema Mungu alinipa mudogo mwenye moyo. Kisha mvua ikakata njia ya Walikale, dote ikarudishwa nyuma zaidi ya mwezi, na kikopo kikaisha. Eh, Mungu wangu! Chunusi zilirudi, zikapanda mpaka ku mashavu. Jua likipiga kidogo, uso unawaka moto.

Nilienda ku kituo ya afya na kikopo mukononi. Munganga Nyiraneza alinusa, akakiweka chini.

"Mama, hii iko na dawa kali ndani. Inafichaka tu. Ukiacha, chunusi zinarudi na hasira. Na ile siagi inaziba matundu ya ngozi."

"Basi miye niko muchafu?"

"Hapana, mama. Ni mambo ya homoni. Wamama wengi zinawatokeaka ku kidevu damu ya mwezi ikikaribia, hata kama wanaoga kila saa. Na haziambukizi mutu."

Alinipa tiubu ya dawa, ya kupaka kidogo tu. Akaniambia ninawe na sabuni laini asubuhi na mangaribi, bila kusugua, nisiminye chunusi hata moja, na nivumilie miezi miwili ao mitatu.

"Miezi? Dote iko juma hili!"

"Mama, ngozi haijuake dote."

Nilicheka, na hasira yangu yote. Nilirudi nyumbani, nikanawa, nikapaka, nikangoja Claudette.

Alifika juma ile ile. Aliona uso wangu, akarudi nyuma hatua moja. Hata salamu alisahau. Nikamuuliza ile pomadi ilikuwa nini.

"Nilijua itarudi, yaya," akasema. "Naziuzisha, nitakosa kujua aje? Nilifikiri itakufikisha tu siku ya dote."

"Na kisha ya dote?"

Alianza kukunja kitenge chake. "Kisha ya dote ningekuwa nimeshaenda kwa Manzi."

Mumesikia? Alinipa uso wa kuazima, wa kupiga nao picha, na kuoza kwake nibaki nako peke yangu! Moyo ulinikatika. Na hakuwa amemaliza. Shangazi Nyirabagenzi njo angeshika inkongoro, akasema, juu wakwe wangefikiri niko na ugonjwa, wangeogopa kukunywa.

"Claudette," nikamuambia, "miye nilikutafunia viazi."



Siku ya dote waliniweka mu jikoni. Maziwa nilikamua miye, inkongoro nilisafisha miye, lakini shangazi njo aliibeba. Nilisimama nyuma ya mulango, nikasikia mama wa Manzi, Mama Daphrose, anauliza: "Na yule yaya yako alikukomalisha, iko wapi? Nataka nimushukuru."

"Hakuweza kuja, mama," Claudette akajibu. "Ni mugonjwa."

Hasira ilinipanda mpaka ku kichwa. Nilitoka na aproni yangu ya jikoni, nikachukua inkongoro mu mikono ya shangazi.

"Miye njo Mukagasana, na siko mugonjwa. Hizi ni chunusi. Haziambukizi mutu, munganga alinieleza, na zitaisha polepole."

Nikaonja maziwa, pale pembeni ya alama ilichongwa ku mudomo wa chombo, nikapitisha. Mama Daphrose aliipokea na mikono yote miwili, akakunywa mpaka povu ikabaki ku mudomo. "Aksanti, mwanangu," akasema. Mume wake akakunywa, wajomba wakakunywa, na Manzi naye. Hakuna hata mumoja alipangusa. Nikapumua. Nikasema moyoni, haya imeisha.

Inkongoro ikafika kwa Claudette. Aliwachekea wageni vizuri, akaigeuza polepole mpaka akaona ile alama. Akashika pembe ya mushanana yake, ile nguo ya sherehe ya kufunga ku bega, akapangusa pale pale niliweka mudomo, akapangusa tena, kisha akakunywa.

Viazi vyote nilimutafunia, hakuna hata kimoja alipangusaka.